Watoro Walipobisha Hodi Rabai

Somo: Kumbukumbu la Torati 23:15-16



Somo letu ni fupi. Mungu aliwaagiza Israeli kwamba mtumwa aliyetoroka asirudishwe kwa bwana wake, bali apewe mahali pa kukaa kwa amani. Hapa pwani kwetu wako waliolitii agizo hilo, na liliwagharimu.

Krapf na Rebmann walianza kazi Rabai mwaka 1846. Mwamini wa kwanza kubatizwa hakuwa tajiri wala mkuu wa kaya. Alikuwa Mringe, kiwete. Kanisa letu lilianza na mtu aliyedharauliwa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 misheni ikajenga Frere Town kuwapokea waliookolewa majahazini. Lakini utumwa wenyewe haukukoma. Mashamba ya Malindi, Takaungu na Mombasa yaliendelea kulimwa na watumwa. Wengi wakatoroka usiku, wakapita vichakani, wakawatafuta watu wa Kitabu.

Huko Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama, watoro walikusanyika chini ya uongozi wa David Koi, Mkristo wa kwetu. Aliuawa mwaka 1883.

Rabai alikuwapo William Jones, aliyepewa daraja ya ushemasi mwaka 1885. Yeye mwenyewe alikuwa mtumwa utotoni, akaokolewa, akalelewa India, kisha akarudi Afrika. Mtoro alipobisha hodi, Jones hakuhitaji kuelezwa maana ya minyororo.

Wenye mashamba walikasirika, wakatishia kuishambulia misheni. Wakubwa wa misheni, kwa kuogopa vita, waliagiza watoro wasipokelewe. Hata hivyo waliendelea kuja, na Wakristo wa Rabai wakaendelea kuwapa mahali pa kujenga na pa kulima. Mwaka 1888 ilipochunguzwa, walikutwa mamia. Ndipo George Mackenzie, wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akakubali kuwalipa mabwana zao. Tarehe 1 Januari 1889, watoro zaidi ya 1,400 waliokaa katika misheni za pwani walikombolewa kwa malipo hayo.

Wapendwa, twajifunza nini? Kwanza, anayejua kupokea ni yule akumbukaye kwamba naye alipokelewa. Sisi sote tulikuwa watumwa wa dhambi, na Kristo alitulipia kwa damu yake. Pili, ukaribisho si maneno matamu mlangoni. Ni chakula, ni jembe, ni kipande cha ardhi, ni mtoto kufundishwa kusoma.

Twayasema haya tukiwa na majonzi. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, bara ya Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi walikufa kwa njaa, wakiamini kwamba hiyo ndiyo njia ya kumwona Bwana. Tangu hapo, jirani akisikia neno "kanisa" huenda akashika watoto wake mkono. Hatutamjibu kwa mabishano. Tumjibu kama Rabai: anayekuja na njaa ale, anayetaka kuondoka aondoke kwa amani, na anayebaki awe na shamba lake na sauti yake.

Jee, ukame ukizidi Adu, na mgeni akaja na mtungi mtupu, tutamwuliza kabila na dhehebu lake, au tutampa maji kwanza? Na aliyenusurika msituni akiketi benchi la nyuma, nani atakwenda kuketi karibu naye?

Na tuombe. Ee Bwana, uliyetupokea tulipokuwa wakimbizi, ufungue milango yetu na maghala yetu. Utufanye watu ambao jirani hatawaogopa. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.