Kuni mkoani Mara

Kuni mkoani Mara ni nishati inayotumika kupikia, kukaushia samaki na kuota moto katika wilaya za Musoma, Bunda, Butiama na jirani zake, kaskazini mwa Tanzania. Katika nchi za baridi kama Ufini na Austria, kuni huchomwa ndani ya boila, na maji ya moto hupita kwenye mabomba kupasha nyumba nzima. Mara haina haja hiyo. Mji wa Musoma uko kando ya Ziwa Viktoria, mita 1,100 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na baridi ya usiku huondolewa kwa blanketi au kwa kukaa karibu na mafiga.

Samaki

Matumizi ya kuni kandokando ya ziwa yaliongezeka kwa sababu ya samaki. Furu, samaki wadogo waliokuwa wengi zamani, waliweza kuanikwa juani. Sangara aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na kuenea sana katika miaka ya 1980. Huyu ni mkubwa na ana mafuta mengi, hivyo jua peke yake halimkaushi vizuri. Anaweza kuoza kabla hajakauka. Wachakataji, wengi wao wanawake, wakawa hawana budi kumbanika kwa moshi au kumkaanga, na kazi zote mbili zinataka kuni. Mabadiliko ya majini yakaongeza ukataji wa miti nchi kavu. Viwanda vya minofu vilipoanza kununua sangara wabichi, sehemu ya wachakataji hao ilibaki na mapanki, yaani mifupa na vichwa, ambayo nayo hukaangwa au kubanikwa. Dagaa bado huanikwa juani.

Upatikanaji

Kuni hutoka kwenye migunga ya porini, mikaratusi iliyopandwa na mabaki ya mashamba. Bunda hulima pamba, na wakulima hutakiwa kung'oa na kuchoma masalia yake baada ya mavuno ili kuua wadudu. Baadhi ya vijiti hivyo huishia jikoni, pamoja na magunzi ya mahindi. Upande wa mashariki iko Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambamo kukata kuni ni kosa kisheria. Butiama kuna msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki wanauheshimu kama mahali patakatifu.

Moto na moshi

Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Sehemu ya joto hupotea kwa kuyachemsha maji hayo, na moshi huwa mwingi. Kuni zilizopasuliwa na kukaushwa kwa miezi kadhaa hutoa joto zaidi kwa mzigo uleule. Kwenye mafiga matatu joto jingi hupotea pembeni. Jiko banifu la udongo au matofali huelekeza moto chini ya sufuria. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020.

Nishati safi

Mkakati wa Taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Kikwazo kijijini ni fedha: mtungi wa gesi hulipiwa kwa mkupuo, ilhali kuni za kuokota hulipiwa kwa muda na mgongo wa mama au binti anayezibeba.