Sabuni ya mawese ya Rumonge: kilichomo ndani yake na kinachoathiri mzigo

Rumonge, mji ulioko takriban kilomita 75 kusini mwa Bujumbura katika barabara ya kwenda Nyanza-Lac, ndio kitovu cha mawese nchini Burundi. Mafuta yake hupikiwa chakula, na sehemu kubwa huishia kwenye vyungu vya wapika sabuni na katika viwanda vya Bujumbura, kikiwemo Savonor. Kwa mfanyabiashara anayenunua mafuta, magadi ya kostiki au miche ya sabuni katika ukanda huu, kemia yake si somo la shuleni tu, kwani ndiyo inayoamua kama mzigo utalipa ama la.

Sabuni hupatikana pale mafuta yanapokutana na kostiki soda, yaani haidroksidi ya sodiamu. Mafuta huvunjika na kutoa asidi za mafuta, ambazo hushikana na sodiamu na kuwa sabuni, na gliserini hubaki pembeni. Katika upishi mdogo gliserini hiyo hubaki ndani ya mche. Viwanda vikubwa huitenga kwa chumvi na kuiuza peke yake, maana bei yake ni nzuri.

Jambo la kwanza ni vipimo. Kilo moja ya mawese huhitaji takriban gramu 142 za kostiki soda. Pipa la lita 200 lina kama kilo 180 za mafuta, hivyo mfuko mmoja wa kilo 25 karibu unatosha pipa moja. Hesabu hiyo rahisi huwaponza wengi wanapobadili mafuta. Mafuta ya kiini cha chikichi, ambayo upande wa Kigoma huitwa mafuta ya mise, huhitaji takriban gramu 176 kwa kilo, yaani karibu kilo 32 kwa pipa lile lile. Anayetumia mfuko mmoja kwa pipa la mise atapata sabuni laini yenye mafuta yasiyoiva, na anayezidisha kostiki kwenye mawese atauza sabuni inayochubua mikono ya wateja.

Tofauti hiyo inatokana na asidi zilizomo. Mawese yana asidi ya palmitiki kwa takriban asilimia 44, ndiyo maana mche wake huwa mgumu na hauishi haraka, lakini povu lake ni dogo. Mise ina asidi ya lauriki karibu nusu, nayo ndiyo iletayo povu jingi. Wapishi wazuri huchanganya yote mawili.

Mawese yaliyochacha hayana soko zuri jikoni, lakini kwa sabuni bado ni mali. Matunda yakichubuka na kukaa siku nyingi kabla ya kuchemshwa, vimeng'enya huanza kuyavunja mafuta na asidi huru huongezeka. Hapo mnunuzi wa sabuni ana haki ya kushusha bei, na muuzaji naye asikubali kuambiwa kuwa mafuta hayo hayafai kabisa.

Kostiki soda inaagizwa kutoka nje ya nchi, na hapa wasafirishaji wanapaswa kuwa makini. Ni bidhaa ya hatari ya daraja la 8, namba UN 1823 ikiwa kavu. Hufyonza unyevu na hewa ya ukaa na kugeuka taratibu kuwa kaboneti, ambayo ni dhaifu. Mfuko uliotoboka melini au ghalani, hasa kandokando ya ziwa ambako mwaka 2024 maji yalipanda hadi kuingia katika makazi ya ufukweni, unaweza kuwa na uzito kamili na nguvu pungufu. Isiwekwe katika vyombo vya alumini, kwa sababu huvila na kutoa gesi ya haidrojeni inayoshika moto. Wakati wa kuyeyusha, kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki.

Wapo wanaouza magadi ya kawaida, yaani kaboneti ya sodiamu, kama mbadala wa bei nafuu. Kaboneti humaliza asidi huru tu. Mafuta yenyewe haiyageuzi sabuni ipasavyo.

Kuhusu uzito, mche mpya una maji mengi na hupungua kadiri unavyokauka. Katoni iliyopimwa Rumonge haitapima vile vile wiki tatu baadaye, hata kama hakuna aliyeiba. Ni vyema mkataba utaje idadi ya miche pamoja na siku ya kupima. Wengine huongeza silikati au udongo mweupe ili kuzidisha uzito, na mche wa aina hiyo huacha vumbi jeupe na kupasuka.

Malalamiko kuwa sabuni "haitoi povu" kandokando ya ziwa si lazima yawe kosa la mpishi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana magnesiamu nyingi, nayo hushikana na sabuni na kuwa utando usioyeyuka. Sabuni ya unga ya kiwandani haisumbuki sana na hali hiyo, na ndiyo mshindani halisi wa mche.

Katika forodha, mawese huandikwa chini ya 1511, mafuta ya mise 1513, kostiki soda 2815, sabuni 3401 na sabuni ya unga 3402. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani uliozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mfanyabiashara anaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani.