Africa Addio: Filamu iliyoionesha dunia Zanzibar ya 1964 bila kumuuliza Mzanzibari

Uko Fundo, unasubiri mashua ya kuvukia Wete. Simu inalia: kwenye kundi la WhatsApp kimeingia kipande cha video. Picha imepigwa kutoka angani. Chini kuna miili, makaburi, na watu wanaokimbilia pwani. Maelezo ni mstari mmoja tu: "Zanzibar 1964". Nani kapiga? Hakuna anayesema.

Picha za aina hiyo zina kwao. Zimo kwenye filamu ya Kiitaliano, Africa Addio.

Ni filamu gani hii?

Jina lake maana yake ni "Kwaheri Afrika". Waliitengeneza Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, ikatoka Italia mwaka 1966. Hawa ndio waliokuwa wameshatoa Mondo Cane mwaka 1962, filamu iliyozaa mtindo mzima unaoitwa mondo: damu, vifo na mila za watu, vyote vikaungwa pamoja kama habari za kweli, lakini vimepangwa ili mtazamaji ashtuke na alipe tiketi. Biashara ya mshtuko, basi.

Zanzibar imeingiaje?

Mapinduzi yalifanyika tarehe 12 Januari 1964. Waandishi wa nje walipata shida kuingia. Watengenezaji hawa wakapiga picha kutoka hewani. Kwa kuwa picha za siku zile ni chache mno, wanahistoria wanazitaja hadi leo, na wapo wanaozitilia shaka. Ugumu uko hapo: filamu ya kuchuma pesa inaweza kubeba picha ya jambo lililotokea kweli.

Tatizo ni nini hasa?

Tazama nani anapewa uso. Walowezi wa Kenya wanaoacha mashamba yao wanaoneshwa kwa karibu, vitu vyao vikipigwa mnada, na muziki mtamu wa Riz Ortolani nyuma yao. Mzanzibari ni nukta tu, anaonekana kutoka juu. Hana jina, hana sauti. Msimulizi wa Ulaya ndiye anayemsemea. Mwafrika kabakiziwa nafasi mbili: kuua au kuuawa. Na ujumbe unaobaki ni kwamba mzungu kaondoka, kila kitu kikaharibika.

Watu walinyamaza?

Hapana. Mwaka 1966, wanafunzi wa Kiafrika na Kijerumani waliandamana Berlin Magharibi kuipinga. Nchini Italia watengenezaji walituhumiwa kwamba mauaji waliyoyapiga Kongo yalipangwa kwa ajili ya kamera. Kesi ikaisha bila kupatikana na hatia. Mwaka 1970 filamu ikakatwa na kuuzwa Marekani kwa jina la Africa Blood and Guts. Maelezo mengi yakatolewa, damu ikabaki. Mwaka 1971 wenyewe wakatoa Addio Zio Tom, kuhusu utumwa wa Marekani, na sehemu kubwa wakaipiga Haiti chini ya udikteta wa Duvalier.

Na sisi tumejionesha wenyewe?

Tumeanza. Tamasha la filamu la ZIFF linafanyika Zanzibar tangu 1998. Mwaka 2021 Amil Shivji alitoa Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ikaoneshwa kwenye tamasha la Toronto. Yasmin, binti wa Kihindi wa Zanzibar, na Denge, mpigania uhuru, wanazungumza Kiswahili chao, wanapenda, wanakosana. Ni watu, si nukta. Lakini hadithi ile ni ya miaka ya 1950. Januari 1964 bado inasubiri wa kuisimulia kwa sinema kutoka ndani.

Ukitumiwa kipande kama hicho

- Uliza kimetoka filamu gani, na sauti ni ya asili au kaongeza mtu.
- Ukiambiwa ni Pemba, dai ushahidi. Unguja na Pemba hazikupitia siku zile kwa namna moja.
- Usikitumie kama fimbo ya kabila au chama.
- Kumbuka kwamba yule aliyelala pale ni babu wa mtu, na mjukuu wake huenda yumo kwenye kundi hilohilo.

Wazee walioziona siku zile wanazidi kupungua. Simu ileile inayopokea video inaweza kurekodi. Mwenye mzee nyumbani amuombe ruhusa, akae naye, amwache aseme kwa maneno yake.