Watu wa Dar es Salaam

Kabla Sultani Majid bin Said wa Zanzibar hajaanza kujenga hapa miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima. Washomvi walivua na kuuza chumvi. Wazaramo walilima mashamba ya nyuma ya pwani. Kisha wakaja Waarabu, Wahindi, Wamanyema, Wanyamwezi. Wakoloni, Wajerumani na baadaye Waingereza, waliugawa mji kwa kanda: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Ulikuwa mgawanyo wa dhuluma, na Waafrika ndio waliobanwa zaidi. Hata hivyo katika mtaa wa Kariakoo, penye soko, ngoma na vyama vya watu wa bara, makabila yalioana na kuzungumza Kiswahili kimoja. Kijiji kile kimekuwa jiji kubwa: Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam.