Mfalme aliyekuwa na kila kitu, ila sindano moja (Sehemu ya 4)

Nimetoka zamu, chai ipo pembeni, tuendelee na mfululizo wetu wa wazazi wa zamani. Leo twende Japani, miaka elfu moja iliyopita, kwa Mfalme Ichijo.

Ichijo alizaliwa mwaka 980, akatawazwa mwaka 986. Piga hesabu: mtoto wa miaka 6, wa chekechea kabisa! Aliyetawala kwa niaba yake ni babu yake mzaa mama, Fujiwara no Kaneie. Ndivyo ukoo wa Fujiwara ulivyoshika nchi. Wanamwoza binti yao kwa mfalme, binti akizaa mtoto wa kiume, babu ndiye mwenye sauti. Yaani tumbo la mama lilikuwa siasa.

Mwaka 990 Ichijo akaozeshwa Teishi, binti wa mjomba wake Michitaka. Yeye ana miaka 10, Teishi kama 13. Wakakua pamoja, wakapendana kweli. Teishi alikuwa msomi na mcheshi. Mhudumu wake, Sei Shonagon, aliandika kitabu kuhusu maisha ya pale kwake, na kinasomwa mpaka leo.

Mambo yakageuka mwaka 995. Michitaka akafariki, na mwaka huohuo ugonjwa wa mlipuko ukaua wakubwa wengi. Mwaka uliofuata kaka yake Teishi, Korechika, akafukuzwa mji mkuu, na nyumba ya Teishi ikaungua. Akiwa mjamzito, akakata nywele zake awe mtawa. Ichijo hakukubali. Akamrudisha kwake, watu wakasema weee, hakujali.

Lakini mjomba mwingine, Michinaga, alishashika madaraka. Mwaka 999 akamleta binti yake Shoshi aolewe na mfalme, ana miaka kama 11 tu. Mwezi huohuo Teishi akajifungua mtoto wa kiume, Atsuyasu. Mwaka 1000 Michinaga akahakikisha binti yake naye anakuwa malkia. Mfalme mmoja, malkia wawili kwa wakati mmoja, jambo ambalo Japani haikuwahi kuliona.

Sasa hapa ndipo nilipoweka kikombe chini.

Kwao uzazi ulihesabiwa unajisi, kwa hiyo malkia hakujifungulia kwa mfalme. Teishi akaenda nyumbani kwa ofisa wa cheo cha kawaida tu. Januari 1001 akazaa mtoto wa tatu, wa kike. Kitabu cha kale kinachoitwa Eiga Monogatari kinasimulia kwamba mtoto alitoka salama, watu wakashusha pumzi. Ikabaki kusubiri kondo la nyuma. Wakaomba, wakampa cha kunywa, hakipiti. Korechika, aliyekuwa ameshasamehewa na kurudi, akasogeza taa usoni kwa dada yake. Alikuwa ameshaondoka. Miaka kama 24. Na mumewe, mfalme wa nchi nzima, hakuruhusiwa kuwa pale.

Mwaka 1008 ikawa zamu ya Shoshi. Mhudumu wake, Murasaki Shikibu, alikuwepo na aliandika: watawa wanasoma sala kwa sauti, mchele unarushwa kufukuza pepo. Mtoto wa kiume akazaliwa, lakini kondo bado, na umati ukapaza tena sauti kuomba. Safari hii lilitoka. Shoshi akaishi mpaka mwaka 1074.

Na Atsuyasu, yatima wa Teishi? Shoshi ndiye aliyemlea, na alitaka arithi kiti. Ichijo pia alimtaka. Lakini mtoto hana mama, hana mjomba wa kumsimamia, kwani Korechika naye alifariki mwaka 1010. Mwaka 1011 Ichijo akaugua, akaachia kiti baada ya miaka 25. Aliyetajwa mrithi ni mtoto wa Shoshi, mjukuu wa Michinaga. Siku chache baadaye Ichijo akafariki, ana miaka 31. Unaona kifo cha mama mmoja kinavyofika mbali?

Mama zangu, mtoto akishalia, kazi haijaisha. Ile sindano ya oksitosini tunayokuchoma pajani mara tu mtoto akitoka, ambayo wengine mnatununia, ndiyo inayosaidia mfuko wa uzazi kubana na kondo kutoka, damu isimwagike. Ichijo hakuweza kuinunua kwa hazina yake yote. Wewe unaipata hata kwenye zahanati.

Ikitokea umejifungulia njiani au nyumbani, kondo halijatoka, msilivute na msisubiri kukuche. Nusu saa ikipita ni dharura, na damu ikiwa nyingi hata hiyo nusu saa msiingoje. Anzeni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Mpe na baba mtoto asome. Yeye anaruhusiwa kuwepo.