Mvuke Wenye Subira

Wanafunzi wangu wa historia hapa Naivasha hushikilia kwamba umeme wa jotoardhi barani Afrika ulianzia Olkaria. La hasha. Mwaka 1952, kule Kiabukwa, Katanga, tayari kulikuwa na mtambo mdogo, usiofikia hata megawati moja, uliojengwa kuhudumia mgodi.

Olkaria ilichelewa. Mwaka 1956 uchimbaji wa visima viwili ulianza. Kimoja kikashuka karibu mita 950, lakini mvuke wa maana haukupatikana, kazi ikaachwa. Miaka ya 1970 serikali ilirudi ikisaidiwa na Umoja wa Mataifa, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ukaanza kazi. Miaka 25 ya kusubiri, na wanasiasa wetu hawana subira hata ya mitano!

Ila ardhi ile ina wenyewe. Familia za Kimaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha mradi wa Olkaria IV. Wakalalamika kwa Benki ya Dunia, na Jopo lake la Ukaguzi likakuta kasoro katika namna walivyoshirikishwa. Nyinyi mnaopanga kuchimba Suswa, isomeni ripoti ya Jopo hilo kabla ya kuleta mashine.