Kasha na Kiungo: Habari za Kuzilinda Nyuzi za Simu

Twapenda kueleza jambo ambalo vitabu vya historia hulipitia upesi. Vitabu hivyo huwasifu watu waliovumbua njia za kupeleka maneno kwa umeme: Cooke na Wheatstone katika Uingereza mwaka 1837, Morse katika Marekani, na Bell mwaka 1876. Sifa hizo ni haki yao. Lakini umeme ulipokwisha kujulikana, ilibaki kazi nyingine iliyo nzito na yenye sifa haba, nayo ni kuufunika uzi usilowe, na kuziunga ncha mbili za nyuzi pasipo kuyaachia maji mlango. Sisi twasema kwamba simu zilizoshindwa zamani hazikushindwa sana kwa uhaba wa elimu ya umeme. Nyingi zilishindwa penye kiungo, au kwa ubovu wa ganda.

Wazee wetu wa pwani hawangeyastaajabia maneno haya. Fundi wa jahazi haogopi ubao. Huogopa mahali ubao ukutanapo na ubao, na ndipo anapotia kalafati, kisha akapaka sifa na shahamu. Mafundi wa simu walijifunza elimu hiyo hiyo, ila waliinunua ghali.

Tuanze na Morse. Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimpa dola 30,000 ajenge simu toka Washington hata Baltimore, mwendo wa maili 40 hivi. Alikusudia kuzizika nyuzi ardhini katika bomba la risasi. Ezra Cornell akamtengenezea jembe la kukokotwa ambalo lilichimba mfereji, likalaza bomba, likafukia, yote kwa mara moja. Walipokwisha kwenda maili chache walizipima nyuzi, wakaona umeme wavuja, kwa kuwa ganda lake lilikuwa limeharibika mle ndani ya bomba. Na fedha nyingi zilikuwa zimekwisha kutumika. Morse hakutaka magazeti yapate habari, basi Cornell akaligongesha jembe lake mwambani kwa makusudi, likavunjika, ikawa ndio udhuru wa kusimamisha kazi. Mwaka uliofuata walizitundika nyuzi juu ya nguzo na kuzitenga na mti kwa vipande vya kioo, na tarehe 24 Mei 1844 habari ya kwanza ikapita. Ingefaa kukumbuka kwamba nguzo zile hazikuchaguliwa kwa uzuri wake. Zilichaguliwa kwa kuwa bomba limeshindwa.

Lakini nguzo haisimami baharini. Hapo palitakiwa kitu kingine, nacho kilipatikana katika misitu ya Malaya na visiwa vya karibu: utomvu wa mti mmoja, uitwao gutapacha. Utomvu huu ukitiwa katika maji ya moto hulainika kama unga uliokandwa. Ukipoa hukaza, na maji ya chumvi hayaudhuru kwa miaka mingi. Wenyeji wa huko walikwisha kuujua zamani na kuutumia kwa mipini ya visu na viboko. Daktari Montgomerie aliyekuwa Singapore aliupeleka Uingereza mwaka 1843, na mwaka 1847 Werner Siemens wa Berlin akatengeneza shinikizo la kuuvika uzi wa shaba ganda hilo bila mshono.

Mwezi wa Agosti 1850 ndugu wawili, jina lao Brett, walitandaza uzi wa namna hiyo toka Dover hata Ufaransa. Ulikuwa shaba na gutapacha tu, wala hapakuwa na kinga ya nje. Ulitoa habari chache, na muda si muda ukakatika. Husemwa kwamba mvuvi mmoja aliunasa kwa nyavu zake. Mwaka wa pili walirudi na kebo, yaani amari ya simu, yenye nyuzi nne ndani, kisha katani yenye lami, kisha nyuzi kumi za chuma zilizosokotwa kuizunguka. Hiyo ilidumu miaka mingi, na desturi hiyo ya moyo wa shaba, ganda, katani na deraya ya chuma ikafuatwa karibu miaka mia.

Sasa tufike kwenye habari ambayo sisi twaipa uzito kuliko zote, ya kebo ya bahari ya Atlantiki. Kampuni yake ilikuwa na haraka. Kazi ya kuivika chuma waligawiwa wenye viwanda wawili, mmoja Greenwich, mmoja Birkenhead. Nusu mbili zilipokwisha, ndipo ilipotambulikana kwamba mmoja amesokota chuma chake kuelekea kulia, na mwenziwe kuelekea kushoto! Ukizifunga pamoja kamba mbili za namna hiyo na kuzivuta, kila moja huisokotoa mwenziwe. Ilibidi watengeneze kitu cha mbao cha kukishika kiungo kisizunguke, maana palepale katikati ya bahari ndipo nusu hizi zingekutana. Zaidi ya hayo, sehemu za kebo ziliwekwa nje juani, gutapacha ikalainika, na shaba ikaondoka katikati ikasogea upande mmoja wa ganda.

Baada ya kukatika mara kadha, meli mbili, Agamemnon na Niagara, ziliunga ncha katikati ya bahari tarehe 29 Julai 1858, kisha kila moja ikashika njia yake. Tarehe 5 Agosti ncha zote mbili zilikuwa nchi kavu. Salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, ambazo hazikutimia maneno mia, zilichukua muda wa saa 16 hivi kupita. Whitehouse, aliyekuwa msimamizi wa mambo ya umeme, alidhani dawa ya udhaifu huo ni nguvu, akaisukumia kebo umeme mkali wa volti kama 2,000. Mwanzoni mwa Septemba kebo ilikuwa kimya kabisa. Katika siku zake chache ilikuwa imepeleka amri moja ya kuzuia vikosi viwili vya askari visisafirishwe toka Canada, nayo Serikali ikaokoa fedha nyingi.

Whitehouse alifukuzwa, na hata leo wengi humtaja kuwa ndiye mwuaji wa kebo. Sisi hatukubali kwamba hiyo ndiyo habari yote. Alikosa, hakika, lakini aliyempiga mgonjwa si yeye aliyemwambukiza ugonjwa. Serikali na kampuni waliweka baraza la uchunguzi, likatoa taarifa yake mwaka 1861. Ilionekana kwamba katika maili 11,000 na zaidi za kebo zilizokwisha kutandazwa baharini duniani, zilizofanya kazi ni kama 3,000 tu. Je, palikuwa na Whitehouse katika kila bahari? Ubaya ulikuwa katika kutengeneza kwa haraka, kupima kwa uchache, na kuunga bila kanuni moja. Tangu hapo kebo zilipimwa hatua kwa hatua, zikawekwa katika matangi ya maji hata kabla ya kupakiwa, na mwaka 1866 meli ya Great Eastern ikavusha kebo iliyodumu.

Katika furaha hiyo msitu haukuulizwa. Mti wa gutapacha ulikatwa wote ili kuupata utomvu, na mti mzima ulitoa kiasi kidogo tu. Kabla ya mwaka 1860 ulikuwa haba sana katika kisiwa cha Singapore chenyewe, na wakataji wakaendelea mbele hata Borneo na Sumatra.

Huku kwetu kebo ilikuja kwa ajili ya vita vya mbali. Mwezi wa Januari 1879 jeshi la Kiingereza lilishindwa na Wazulu katika Isandlwana, na habari ilikaa karibu majuma matatu kabla ya kufika London. Serikali ikatoa fedha upesi, na kabla ya mwaka huo kwisha kebo ilikuwa imetoka Aden ikafika Unguja, enzi ya Seyyid Barghash, kisha Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Mwaka 1890 Mombasa nayo ikaunganishwa na Unguja. Katika bahari zetu za joto alionekana adui ambaye manahodha wetu wamjua vema, yule mdudu atoboaye mbao za vyombo. Katika maji haba alipenya baina ya nyuzi za chuma akaitoboa gutapacha. Basi mafundi wakaanza kuuzungushia moyo wa kebo ukanda mwembamba wa shaba ya manjano.

Simu ya kusema ilipoenea mijini, shida ilikuwa nyingine. Kila mwenye simu alihitaji jozi yake ya nyuzi, nazo zikawa maelfu. Kebo za mji zilivikwa risasi, na ndani yake kila uzi ulizungushiwa karatasi kavu. Karatasi hiyo ni ganda jema ilimradi ikae kavu. Tundu dogo katika risasi, mvua ikinyesha, laweza kunyamazisha mtaa mzima. Kwa hiyo fundi wa viungo alikuwa mtu wa heshima. Aliketi shimoni, akaunga jozi mia kadha moja moja kwa mikono mikavu, akazikausha, kisha akazifunika kwa mfuko wa risasi akaulehemu pande zote mbili.

Na katika kituo cha simu pakawekwa fremu kubwa ya chuma. Upande mmoja zafika nyuzi za barabarani, upande wa pili nyuzi za mashine, na baina yao vipande vifupi vya waya. Mtu akihama nyumba, hakuna haja ya kuvunja ukuta wala kubadili namba yake: fundi huondoa kipande kimoja, akakitia pengine. Hapo hapo pana vizuizi vya radi. Zamani kila ncha katika fremu ililehemiwa au kukazwa kwa skrubu. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Krone ya Berlin ilitoa ukanda mdogo wa plastiki wa kuunga jozi kumi. Fundi hausugui uzi wala hauvui ganda. Huuweka mdomoni mwa ukanda, akausukuma kwa chombo chake, na vyembe viwili vya shaba vilivyopakwa fedha hupasua ganda na kuubana uzi wenyewe, na ncha iliyozidi ikakatwa papo hapo. Kitu hicho ni kidogo kuliko kitana, lakini kimewapunguzia mafundi saa zisizohesabika.

Gutapacha iliondoka katika kazi hii baada ya plastiki iitwayo polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933. Na kwa ustadi wa makasha, sisi twaona hakuna mfano upitao kebo ya simu ya kusema ya Atlantiki iliyofunguliwa tarehe 25 Septemba 1956. Zilikuwa kebo mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na katika kila moja mlikuwamo vikuza sauti 51, vimefungwa katika makasha membamba yaliyoweza kupinda pamoja na kebo yenyewe ilipopita juu ya magurudumu ya meli. Kila kasha lilikuwa na taa tatu za redio, kilindini, mahali ambapo fundi hawezi kufika na bisibisi. Kebo ilipostaafishwa mwaka 1978, katika taa hizo 306 hapakuwa hata moja iliyokufa.

Kuanzia mwaka 2009 pwani yetu ilipokea kebo za namna mpya, zilizo na nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zipelekazo nuru badala ya umeme. Lakini nazo zaungwa. Tarehe 12 Mei 2024 mbili kati ya kebo hizo, SEACOM na EASSy, zilikatika katika bahari ya kusini, na kwa siku kadha watu wa Tanzania na Kenya na nchi za jirani waliona intaneti ikienda kwa kusuasua. Meli ikaenda mahali pale, ikazikamata ncha kwa nanga za kuvulia, ikazipandisha sitahani. Mafundi wakaziyeyusha nyuzi za kioo ncha kwa ncha kwa cheche ya umeme, wakazilaza katika kasha la chuma, wakalifunga maji yasipenye, wakalipima, na ndipo walipoishusha tena kebo majini.